Kisogo cha Mpiga Kinanda

Wahenga walinena kwamba akupaye kisogo si mwenzio. Walakini mtu aingiaye kanisani siku ya Jumapili, iwe Masasi chini ya majabali yake au Newala ukingoni mwa uwanda unaochungulia bonde la Ruvuma, huweza kumkuta mmoja aliyeipa hadhira kisogo tangu wimbo wa kuingia hata wa kutoka, wala hapana amwonaye kuwa amevunja adabu. Huyo ni mpiga kinanda.

Zamani watu wa pwani waliita kinanda chombo cha nyuzi kilichopakatwa, ambacho mpigaji wake alikaa akitazamana na waliomsikiliza. Lakini Askofu Edward Steere alipotoka Unguja mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatua Masasi na kufanya makazi, na Wabenediktini nao walipoianzisha Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji, ilikuja ibada ambayo kinanda chake ni sanduku la mivukuto, lisilopakatwa bali hukabiliwa.

Shina la jambo ni hilo. Miguu ya mpigaji imo kazini ikikanyaga upepo, mikono imo juu ya vibonyezo, na macho sharti yagawanywe baina ya nota na mkono wa mwalimu wa kwaya. Basi uso utabakiwa na nafasi gani ya kuwatazama watu? Katika makanisa makubwa ya Ulaya, ambako kinanda cha mabomba aghalabu hukaa roshanini juu ya mlango, mpigaji hutundika kioo kidogo apate kumwona padri madhabahuni. Na katika kumbi za tamasha, kwa kuwa mwenye tikiti hutaka kuona alicholipia, huwekwa jukwaani meza ya vibonyezo ya kuhamishika, ili mikono na miguu ya fundi ionekane dhahiri.

Kwa Wamakonde wa uwanda huo wa Newala, kutowatazama watazamaji si jambo geni. Mpiga ngoma ya sindimba macho yake humfuata mchezaji, wala hayawatafuti watazamaji. Na katika ngoma ya mapiko, yule atazamwaye kuliko wote ndiye ambaye uso wake umesitirika ndani ya kinyago.

Hapo kale padri wa Kikatoliki naye alisali akielekea madhabahu, mgongo wake kwa waumini, hata katika mageuzi yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, akageuka kuwaelekea. Siku hizi kinanda cha umeme, kilicho chepesi na kisichodai miguu, kimempa mpigaji naye ruhusa ya kugeuka. Na wapo wageukao wakatabasamu mbele ya kamera ya arusi, ilhali kwaya iliyo kando yao inatafuta pa kuanzia isipaone.

Mimi simlaumu ageukaye, ila nampenda zaidi yule wa kale. Apandaye kwa miguu kutoka bondeni kwenda Newala, akiwa na mwenyeji wa kumwonyesha njia, hukiona kisogo cha mwenyeji huyo mwendo wote, wala hasemi kwamba ametupwa. Husema kwamba ametanguliwa.