Nyumba Mpya Hupimwaje?

Ukimwuliza mtu nyumba yake ina ukubwa gani, pengine atakujibu ya kuwa ina vyumba vinne na sebule. Jibu hilo latosha kwa mgeni, lakini halimtoshi mtu wa benki, kwa maana chumba kimoja chaweza kuwa kikubwa kama darasa, na kingine kisitoshe ila kitanda na kiti. Katika nchi ya Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa kulipa kwa miaka 30. Kwa kawaida benki, kabla ya kutoa mkopo huo, humtuma mthamini, yaani mtu aliyesomea kazi ya kukadiria bei ya nyumba. Mthamini huyo hutegemea sana mambo mawili: vipimo na mchoro. Natutazame jinsi anavyoyafanya.

Mthamini huanza nje. Hushika utepe wa kupimia, au chombo kidogo kinachopima kwa mwali wa mwanga, akaizunguka nyumba ukuta kwa ukuta, akiandika kila urefu mpaka arudi kwenye pembe aliyoanzia. Nyumba iliyosimama peke yake hupimwa kwa kuta za nje. Fleti iliyo ndani ya jengo kubwa kwa kawaida hupimwa kwa ndani. Tofauti ya njia hizi mbili si ndogo. Chukua nyumba ya futi 40 kwa 30. Kwa nje ni futi za mraba 1,200. Ikiwa kuta zina unene wa inchi 6, kwa ndani utapata futi 39 kwa 29, yaani 1,131. Futi 69 zimetoweka, nazo zatosha chumba kidogo, wala hakuna mtu aliyesema uwongo.

Baada ya kupima huja mchoro, na faida yake ya kwanza ni kukamata makosa. Tuseme nyumba yetu ina chumba kilichochomoza nyuma, ikawa kama herufi L. Mbele ni futi 40. Upande wa kulia ni futi 45. Nyuma kuna kuta mbili, moja ya futi 12 na nyingine ya 28. Kushoto ni futi 30, na ukuta wa kando wa chumba kilichochomoza ni 15. Sasa jumlisha: 12 na 28 ni 40, sawa na mbele, 30 na 15 ni 45, sawa na kulia. Mchoro umefunga. Lakini kama mpimaji angaliandika 26 mahali pa 28, mistari isingalikutana, naye angalijua mara moja ya kuwa yampasa kurudi na utepe wake. Ukiwa umefunga, hesabu ni nyepesi: 40 mara 30 ni 1,200, 12 mara 15 ni 180, jumla ni futi za mraba 1,380, yaani kama mita za mraba 128.

Je, kila kilicho chini ya paa huhesabiwa? La. Gereji haimo katika eneo la kuishi, wala baraza ya wazi haimo. Ghorofa ambayo sehemu yake yo yote iko chini ya usawa wa ardhi huandikwa mbali, hata ikiwa imepambwa vizuri namna gani. Ukumbi ulio wazi mpaka paani huhesabiwa mara moja tu, kwa sababu juu yake hakuna sakafu ya kukanyaga.

Chumba cha darini, chini ya paa lililoinama, kina sheria yake. Nusu ya chumba kwa uchache iwe na kimo cha futi 7, yaani mita 2.13, na mahali penye kimo kisichofika futi 5 pasihesabiwe kabisa. Tuseme chumba hicho kina urefu wa futi 20 na upana wa futi 16. Katikati, upana wa futi 8 una kimo cha futi 7 au zaidi. Upana wa futi 12 una kimo cha futi 5 au zaidi. Chumba kimekubaliwa, lakini kitahesabiwa 20 mara 12, yaani 240, wala si 320.

Sheria hizi zimeandikwa katika kanuni iitwayo ANSI Z765, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Kwa miaka mingi mthamini hakulazimishwa kuifuata, na nyumba moja iliweza kupewa ukubwa namna mbili na wathamini wawili. Ndipo Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, likaamuru ya kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2022 wathamini wa nyumba za namna hii waifuate, na mchoro uonyeshe vipimo na hesabu yake.

Nyumba mpya ina shida ya pekee: mara nyingi huthaminiwa kabla haijajengwa. Hapo mthamini hupima ramani ya mjenzi, naye hana budi kuandika wazi ya kuwa ukubwa huo umetoka katika karatasi. Kazi ikiisha, nyumba hukaguliwa ionekane kama imejengwa kama ilivyoahidiwa.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu mthamini hupata bei kwa kulinganisha nyumba na nyingine zilizouzwa karibu. Moja ikipimwa nje na ya pili ndani, mlinganisho huo ni bure. Tuseme kila futi ya mraba yathaminiwa dola 200: zile futi 69 ni dola 13,800. Zikiongezwa kwa makosa, mnunuzi hulipa miaka mingi kwa sakafu isiyokuwapo. Zikipunguzwa, mwuzaji hupoteza haki yake. Tarakimu peke yake twaombwa kuiamini tu, lakini tarakimu yenye mchoro mtu ye yote ajuaye kuzidisha aweza kuijaribu.

Basi, ndugu msomaji, chukua utepe na karatasi, ukalizunguke darasa lako kwa nje. Andika kila ukuta, kisha uchore. Mchoro ukifunga, pima na ndani, uone kuta zimekula futi ngapi.