Epoksi Inayokubali Kufinyangwa Upya

Msomaji wa Marsabit anauliza: mapanga ya ile mitambo 365 ya upepo kule Ziwa Turkana yakichakaa, yatayeyushwa kama ndoo kuukuu za plastiki? Hapana. Ni faiba iliyogandishwa kwa epoksi, na epoksi ikishakolea kigumishi chake huwa mtandao mmoja wa molekuli zilizofungamana. Ukizidisha moto inaungua, haiyeyuki.

Lakini tangu 2011 iko epoksi ya tabia nyingine. Ludwik Leibler na wenzake wa ESPCI, Paris, walichanganya epoksi na asidi za mafuta, wakatia chumvi ya zinki. Iliganda barabara, ikagoma kuyeyuka kwenye viyeyushi, ila ilipopata moto ilifinyangika kama kioo. Wakaiita vitrima. Ningeiita epoksi-kioo, ila watu watadhani inapasuka. Basi na iwe vitrima.

Uhondo uko hapa. Fikiria wachezaji ngoma uwanjani. Plastiki ya ndoo ni wachezaji wasioshikana: moto ukizidi, kila mmoja anateleza kivyake. Epoksi ya kawaida ni walioshikana wasioachana mpaka mkono ukatike. Katika vitrima, ngoma ikipamba moto, mwenye mkono mtupu hujipenyeza kati ya wawili walioshikana. Kwa kitambo mikono mitatu inakutana. Kisha mmoja anaachia, na sasa yeye ndiye mwenye mkono mtupu, aende akatafute kwingine. Zinki ndiyo kungwi: haichezi, inawagusa mabega tu wabadilishane upesi. Hesabu mikono iliyoshikana: haipungui. Hata hivyo duara limekuwa mstari, limepenya uchochoroni. Ngoma ikipoa, kila mtu hubaki na aliyemshika mwisho, na umbo jipya linadumu.

Kazi iliyopo ni kuzuia ngoma isianze kifaa kikiwa bado kazini penye joto. Dawa yake ni molekuli kakamavu zenye pete za atomi. Mwaka 2016 watafiti wa CIDETEC, Hispania, walitumia kigumishi chenye jozi ya salfa katikati ya pete mbili; hapa salfa ndiyo mikono inayobadilishana. Epoksi yao ilibaki ngumu hadi karibu nyuzi 130 za Selsiasi, na kwa nyuzi 200 ilifinyangwa upya ndani ya dakika 5. Mzigo wa muda mrefu penye joto huweza kuinyoosha, tatizo ambalo mafundi wanalishughulikia.

Watengenezaji wa mapanga hawakungoja. Mwaka 2021 Siemens Gamesa ilizindua panga ambalo epoksi yake huachia faiba ikichovywa katika asidi iliyopashwa joto. Kazi nzuri, ila mimi naishabikia vitrima: asidi huuvunja mtandao ili kuokoa kilichomo, na vitrima haihitaji kuvunjwa.