Kadi ya Sauti ya Kompyuta: Yafaa Kuangaliwa Kabla ya Kununua

Kompyuta inapotoa sauti hafifu, au inaporekodi mvumo juu ya maneno ya msemaji, ushauri ambao mlaji huupata haraka dukani ni kununua kadi ya sauti. Mara nyingine ushauri huo ni sahihi. Mara nyingine humfanya mtu alipie kifaa ambacho, kwa jinsi anavyoitumia kompyuta yake, sauti haitapita ndani yake hata siku moja. Tumeandika makala haya ili mlaji aweze kujua yuko upande gani kabla fedha haijamtoka mkononi.

Karibu kila kompyuta inayouzwa leo, ya mezani au mpakato, tayari ina sehemu ya sauti iliyojengwa katika ubao mama. Ni chipu ndogo yenye kazi mbili: kugeuza tarakimu zilizohifadhiwa katika faili kuwa mawimbi ya umeme yanayosukuma spika au hedifoni, na kugeuza mawimbi yanayotoka katika maikrofoni kuwa tarakimu. Kadi ya sauti hufanya kazi hizo hizo. Kinachoitofautisha ni kwamba ina ubao wake yenyewe, ama wa kuchomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, ama uliowekwa katika kisanduku cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB.

Zamani jambo hili halikuwa na mjadala. Kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya 1980 zilikuwa na spika ndogo ya kutoa milio tu, na aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi. Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilienea kiasi kwamba michezo ya kompyuta ilitangazwa kuwa inaafikiana nayo. Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu ulioitwa AC'97, ambao uliwawezesha watengenezaji kuweka sauti katika ubao mama kwa gharama ndogo. Sauti hiyo ya mwanzo mara nyingi ilistahili lawama ilizopata. Lakini mwaka 2004 utaratibu huo ulirithiwa na mwingine, High Definition Audio, unaoweza kushughulikia hadi sampuli 192,000 za sauti kwa sekunde. Kwa kulinganisha, CD ya muziki hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, na kiwango hicho kinatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu huzisikia, yaani hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Sifa mbaya ya sauti ya ubao mama, ambayo wauzaji wengine bado wanaitaja, kwa sehemu kubwa ni ya mashine za enzi ile.

Wapenzi wa michezo nao wana kisa chao. Kadi za zamani zilibeba zenyewe kazi ya kuumba mwangwi na mwelekeo wa sauti za mchezo. Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, iliondoa njia ambayo michezo mingi iliitumia kuikabidhi kadi kazi hiyo, na tangu hapo hesabu hizo kwa kawaida hufanywa na prosesa ya kompyuta. Anayeambiwa leo kwamba kadi ya sauti itaongeza kasi ya mchezo wake anauziwa habari ya miaka ya nyuma.

Fuata njia ya sauti

Kabla ya yote, mlaji ajiulize sauti yake inapita wapi. Hedifoni za USB zina chipu yake ya sauti ndani. Hedifoni na spika za Bluetooth vivyo hivyo: kompyuta hutuma tarakimu, na ugeuzaji hufanyika masikioni au ndani ya spika. Aliyeunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI anasikiliza chipu ya televisheni. Katika hali zote hizo, kadi ya sauti iliyochomekwa ndani ya kompyuta, hata iwe ya bei gani, haigusi kinachosikika. Kadi huhusika pale tu ambapo hedifoni, spika au maikrofoni imechomekwa kwa plagi ya duara katika matundu ya kadi yenyewe.

Kadi pia haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Wimbo uliobanwa mara kadhaa, ukapitishwa katika makundi ya simu na kuhifadhiwa upya, umepoteza sehemu ya sauti yake daima. Spika ndogo za plastiki zisizo na besi hazitaipata besi kwa sababu ya kadi. Kwa msikilizaji wa kawaida, mwenye muziki, filamu, masomo na mikutano ya mtandaoni, maoni yetu ni kwamba fedha aliyokusudia kununulia kadi iende kwanza kwenye hedifoni au spika nzuri zaidi. Hapo ndipo tofauti husikika bila kuambiwa uisikilize.

Kuna wasikilizaji ambao hawamo katika ushauri huo. Baadhi ya hedifoni za studio zina ukinzani mkubwa wa umeme, omu 250 au hata 300, wakati hedifoni nyingi za kawaida zina omu 16 hadi 32. Zikichomekwa katika kompyuta mpakato husikika kwa sauti ya chini hata baada ya kuongeza hadi mwisho. Idadi ya omu huandikwa kwenye boksi. Mwenye hedifoni za namna hiyo anahitaji kadi au amplifaya yenye nguvu ya kuzisukuma.

Kelele zinatoka wapi?

Malalamiko mazito zaidi huhusu kelele: mvumo, mluzi, au mchakarisho unaosikika wakati hakuna kinachopigwa. Ndani ya kasha la kompyuta, ambalo wengi wetu huliita sipiyu, mna feni, kadi ya picha na saketi zinazowaka na kuzimika mara nyingi mno kwa sekunde. Mawimbi ya saketi hizo huweza kuingia katika nyaya nyembamba za sauti. Hiki ni chanzo cha kweli, na kisanduku cha nje cha USB mara nyingi hukiondoa kwa kuwa ugeuzaji unafanyika mbali na kelele hizo. Lakini si chanzo pekee, na majaribio machache yasiyo na gharama humwonyesha mlaji tatizo lilipo.

Aanze kwa kuchomeka hedifoni zilezile katika simu na kupiga wimbo uleule. Kelele ikifuata, hedifoni ndizo mbovu. Kama simu iko safi, na kompyuta ni ya mezani, ahamishe plagi kutoka tundu la mbele hadi tundu la kijani la nyuma. Tundu la mbele huunganishwa na ubao mama kwa waya mrefu unaopita katikati ya kelele zote tulizozitaja, ilhali la nyuma limeshikamana na ubao wenyewe. Tumeona watu wakiagiza kadi kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kuinama nyuma ya meza.

Kwa kompyuta mpakato jaribio lenye maana zaidi ni la chaja. Ichomolewe, kompyuta itumie betri kwa dakika chache. Mvumo ukikoma papo hapo, chanzo kiko katika umeme: chaja isiyo bora, soketi isiyo na waya wa ardhini, au kompyuta na amplifaya kuchomekwa katika soketi mbili tofauti na kufanya mzunguko kupitia nyaya zao za ardhini. Umeme wa gridi yetu ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, na mzunguko wa namna hiyo husikika kama mvumo mzito usiobadilika. Kuchomeka vifaa vyote katika kiunganishi kimoja cha umeme mara nyingi hutosha. Mlaji asikate wala kuziba pini ya ardhini ya plagi ili kuondoa mvumo, hata akishauriwa na fundi. Pini hiyo ndiyo inayomkinga na umeme kifaa kinapopata hitilafu.

Endapo kelele hubadilika kipanya kinaposogezwa au faili kubwa inapofunguliwa, na inaendelea hata chaja ikiwa imechomolewa na plagi ikiwa tundu la nyuma, hapo ndipo sehemu ya sauti ya ubao mama inapostahili kulaumiwa. Mlaji wa aina hii ana sababu ya kununua, na kwa kawaida tunampendekezea kifaa cha nje kuliko kadi ya ndani, ambayo bado itaishi katika kasha lilelile.

Anayerekodi

Hukumu yetu hubadilika tunapofika kwa anayerekodi. Chipu ya ubao mama hucheza sauti vizuri kuliko inavyoirekodi. Tundu la waridi la maikrofoni lilikusudiwa maikrofoni ndogo za mazungumzo, na ili kuifanya sauti dhaifu isikike, kompyuta huongeza nguvu kwa desibeli 20 au 30. Nguvu hiyo huongeza pia kila kelele iliyopo. Kwa simu ya kikazi hilo linavumilika. Kwa kwaya, kikundi cha kaswida, redio jamii, au msomaji wa vitabu vya sauti, halivumiliki.

Maikrofoni za studio zina plagi ya pini 3, na zile za aina ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 unaopitishwa katika waya uleule wa maikrofoni. Tundu la waridi hutoa volti chache tu. Kikundi kilichochangishana kikanunua maikrofoni nzuri ya kondensa, kisha kikaichomeka katika kompyuta kwa waya wa kubadilisha plagi, kinaweza kupata ukimya mtupu au sauti ya mbali, na kikaamini kimeuziwa maikrofoni mbovu. Kilichokosekana ni kisanduku cha kurekodia cha USB chenye tundu la pini 3 na swichi ya volti 48. Visanduku vingi vya namna hii humwezesha pia mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila ucheleweshaji wa kompyuta, jambo linalomwokoa na kuimba nyuma ya mapigo. Hapa fedha haipotei. Mwenye bajeti ndogo anayesema peke yake anaweza kuanza na maikrofoni ya USB, ambayo ina ugeuzaji ndani yake na haihitaji kadi yoyote.

Maandishi ya kwenye boksi

Madukani, kuanzia Kariakoo hadi maduka ya mikoani, kuna kifaa kidogo cha USB chenye ukubwa wa kidole gumba na maandishi makubwa ya 7.1. Maandishi hayo humaanisha spika nane: saba za kumzunguka msikilizaji na moja ya besi. Spika nane za waya huhitaji matundu manne ya kutolea sauti, kwa kuwa kila tundu la kawaida hubeba spika mbili. Kifaa hicho kina matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maikrofoni. Kinachotolewa ni sauti ya spika mbili iliyochezewa na programu ili ionekane imezunguka. Kifaa chenyewe si cha kudharauliwa. Kompyuta ambayo tundu lake limevunjika hufufuliwa nacho kwa bei ndogo. Anunue anayetafuta hilo. Anayetaka spika nane ahesabu matundu.

Namba za 192 na biti 24 nazo zisomwe kwa utulivu. Biti 24 humsaidia anayerekodi, maana humpa nafasi ya kuweka sauti chini kidogo bila kuogopa mwimbaji akipaza ghafla. Kwa anayesikiliza tu, namba hizo mara nyingi zimo tayari katika ubao mama alio nao.

Mwenye kuamua kununua kadi ya ndani afungue kasha kwanza, au aombe lifunguliwe. Nafasi za zamani za PCI na za sasa za PCI Express hazilingani, na kadi ya moja haiingii katika nyingine. Kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka maofisini ng'ambo zina kasha jembamba linalokubali kadi fupi tu yenye bati fupi la nyuma. Kadi ya kimo cha kawaida haitafunga. Aidha, ahakikishe mtengenezaji bado anatoa programu endeshi kwa toleo la Windows analotumia, kwa kuwa kadi nzuri ya mitumba isiyo na programu hiyo huenda isifanye kazi ipasavyo.

Mlaji aende dukani na hedifoni au maikrofoni yake mwenyewe, na aombe kifaa kijaribiwe mbele yake kwa kurekodi sekunde chache za ukimya kisha kuzisikiliza kwa sauti ya juu. Kelele za kifaa hujitangaza katika ukimya huo. Adai risiti ya EFD yenye jina kamili la kifaa na toleo lake, kwani risiti iliyoandikwa "vifaa vya kompyuta" haimsaidii mtu anayelalamika. Muda wa dhamana uandikwe, usiahidiwe kwa mdomo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na tangazo la ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi halihalalishi upotoshaji huo. Boksi lihifadhiwe pamoja na risiti, hasa kama maandishi yake ndiyo yaliyomshawishi mlaji kununua.