Je, Wajua? Mayonesi Ni Mafuta Zaidi Kuliko Yai

Sheria ya Marekani inataka mayonesi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 65 ya uzito wake. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 90 hivi. Kijiko kama hicho cha mtindi kina kalori 10 tu. Basi sosi ya saladi yaweza kutengenezwa bila mayonesi:

• Mtindi hugeuka sosi nzito bila tone la mafuta. Umimine kwenye kitambaa safi juu ya chujio, uache kwenye friji usiku kucha. Maji ya manjano hudondoka chini. Kitambaani hubaki urojo mweupe unaong'ang'ania kijiko. Tia limau, chumvi na kitunguu saumu kilichotwangwa.

• Parachichi bivu likipondwa hulainisha sosi bila yai. Maji ya limau huchelewesha weusi wake.

• Haradali hushikanisha mafuta na siki. Kijiko cha chai kinatosha bakuli dogo.

• Usiondoe mafuta yote! Rangi ya karoti, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, ukoroge, umwagie saladi papo hapo.