Mabango ya sura ya zamani: Mbinu za tarakilishi na haki za mbunifu

Mtindo wa mabango ya zamani umerudi. Unaonekana kwenye fulana, menyu za mikahawa, kadi za harusi na hata ubavuni mwa matatu: herufi nene zenye kivuli, rangi chache zilizopauka, na nukta nukta kama za gazeti la kale. Kwa vijana wanaobuni kwa tarakilishi, hii ni kazi ya kuingiza kipato, na haihitaji programu ghali. Inkscape, ya kuchora, na GIMP, ya kuhariri picha, hupakuliwa bila malipo.

Sura hiyo haikuanza kama urembo. Mchapaji wa zamani aligharimika kwa kila rangi, kwani kila moja ilihitaji bamba lake na kupitishwa mashineni upya. Ndiyo sababu mabango mengi yalikuwa na rangi tatu au nne tu. Picha nayo ilivunjwa kuwa nukta kubwa na ndogo kwa kuwa mashine haikujua kuchapa kijivu: iliweka wino au haikuweka. Karatasi ikisogea kidogo, rangi moja ilitoka nje ya mstari. Mbunifu anayeelewa hayo hujiwekea mipaka ileile badala ya kurundika madoido.

Mifano haiko mbali. Vibao vya vinyozi vilivyochorwa kwa brashi, majalada ya santuri za benga, na kanga yenye jina lake juu ya pindo la chini ni shule tosha. Anayeanzia hapo hupata kazi yenye sura ya kwao, si bango jingine la machweo na minazi ya California.

Chukua neno CHAI kwa bango la hoteli. Katika Inkscape, liandike kwa fonti nene. Bungee, iliyobuniwa na David Jonathan Ross kwa kufuata herufi za vibao vya mijini, inafaa, na leseni yake inaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo. Hifadhi nakala ya maandishi hayo, kisha yageuze kuwa mchoro. Rudufu neno, lipeleke nyuma, lipake hudhurungi na ulisogeze kidogo chini upande wa kulia. Rudia hatua hiyo fupi mara kadhaa, kisha uunganishe nakala zote za nyuma ziwe umbo moja. Hapo herufi zitaonekana zina unene, kama zimechongwa kwa mbao.

Kwa picha, fungua GIMP, iondolee rangi, uongeze tofauti ya mwanga na giza, kisha utumie kichujio kinachoitwa Newsprint. Wino mweusi kwa desturi huwekwa nukta zake kwa pembe ya digrii 45, kwa sababu jicho halizitambui haraka zikiwa zimelala hivyo. Mwishowe sogeza tabaka moja la rangi. Hapa wengi huzidisha. Katika picha ya pikseli 300 kwa inchi, pikseli tatu ni robo ya milimita tu, na mara nyingi hiyo inatosha.

Uchache wa rangi una faida nyingine. Kuchapa fulana kwa fremu huhitaji fremu moja kwa kila rangi, hivyo mchoro wa rangi mbili hupunguza gharama ya mteja. Kwa karatasi, ongeza milimita tatu kila upande za kukatwa, na uombe nakala moja ya majaribio: rangi ya kioo cha tarakilishi hung'aa kuliko wino.

Lililo zito zaidi ni haki. Picha haiwi huru kwa sababu tu inaonekana ya kale. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya sanaa hulindwa katika maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuitoa mtandaoni na kuipaka nukta hakuifanyi kuwa yako.

Vilevile, wabunifu wengi hawajui kwamba sheria hiyo huhesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Kwa maneno mengine, bango lililouzwa mara moja linaweza kugeuzwa fulana elfu moja bila mchoraji kupata hata shilingi. Makubaliano ya maandishi yaseme kazi itatumika wapi, kwa muda gani, na nani anabaki na haki. Yatiwe saini kabla ya mchoro kuanza.

Hakimiliki haitegemei usajili, lakini kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) humpa mwenyewe ushahidi mzozo ukitokea. Faili asili zenye matabaka yake, pamoja na jumbe za mteja, zihifadhiwe pia. Anayepokea kazi kwa simu asizifute baada ya kulipwa.