Mbeleko, Hirizi na Chandarua: Habari za Kinga ya Mtoto katika Singida

Mwalimu akaaye katika nchi ya Singida, kwa Wanyaturu au kwa Wanyiramba, hana budi kukutana na neno hili kinywani mwa wazee: "Sisi tulilelewa bila vitu hivi, nasi tu hai." Hunenwa hasa juu ya chandarua, na siku hizi juu ya kofia ngumu ya pikipiki. Kabla ya kujibu, yafaa mwalimu azitazame desturi zenyewe, na maneno yanayozitaja.

Si kweli kwamba wazee hawakuwa na vyombo vya kumlinda mtoto. Cha kwanza ni mbeleko, jina litokalo katika tendo la kubeleka, yaani kumchukua mtoto mgongoni. Zamani, katika nchi hizi za bara, mbeleko ilikuwa ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyolainishwa. Baadaye ikawa kanga au kitenge. Mtoto aliye mgongoni hafikii mafiga, wala chungu kitokotacho. Pwani nako chombo hiki kilipewa heshima kubwa, hata katika desturi za arusi mama wa bibi arusi hupewa ubeleko, kuwa ukumbusho wa nguo aliyombebea mwanawe.

Cha pili ni hirizi, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kulinda. Mtoto alivikwa ili akingwe na kijicho na uchawi. Tena palikuwa na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo na kupaka dawa. Chanjo ya ndui ilipoletwa, nayo ikitiwa kwa kukwaruza ngozi, ilirithi jina lile lile, na jina hilo likabaki hata kwa chanjo za sindano. Basi vyombo vimebadilika, lakini nia ya kukinga ni ile ile.

Mwaka 1897 Ronald Ross alivumbua kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa Hati Punguzo, ili mama mjamzito apate chandarua chenye dawa kwa bei nafuu. Na katika miaka ya 2009 na 2010 watoto wa chini ya miaka 5 wakagawiwa bure. Lakini kupewa si kutumia. Pengine chandarua kilisingiziwa joto kikakunjwa sandukuni, au kikazungushiwa vifaranga.

Sasa turudi kwa neno la wazee. Ni kweli kwamba wao wako hai. Lakini wenzao waliokufa wachanga hawako barazani kutoa ushuhuda wao. Tena, mtu aliyeugua malaria mara nyingi akapona, mwili wake hupata nguvu kiasi ya kushindana nayo. Mtoto mdogo hana nguvu hiyo bado. Kwa hiyo mbu yule yule amwachaye bibi na homa kidogo aweza kumwua mjukuu aliyelala kando yake.

Wengine hutoa mithali: Mtoto akililia wembe, mpe. Mithali hii ina mahali pake. Wembe hukata kidole, kidole hupona, na mtoto amejifunza. Bali malaria kali haingoji mtu ajifunze, wala mtoto aliyepakatwa juu ya pikipiki bila kofia, akaangukia kichwa katika barabara kuu, huenda asipate siku ya pili ya kujirekebisha.

Basi mwalimu asiwacheke wazee, kwa maana acheshwaye na kudharauliwa hafundishiki. Na aanze na kile wakijuacho. Amwulize bibi: "Mbeleko ilimkinga mtoto na nini?" Naye atataja moto, nyoka na shimo, maana ameviona kwa macho yake. Ndipo amwambie kwamba usiku, mtoto ashukapo mgongoni akalala, yuko adui mwingine asiyeonekana gizani, na ya kuwa chandarua ni mbeleko ya usiku. Neno hilo bibi atalielewa, kwa kuwa kubeleka alikujua tangu zamani.