Jasho Likikosa Kukauka

Jua likiwa kali, mtoto anauliza: «Baba, juu ya nini mbwa anatosha ulimi inje?» Wazazi wengi wanajibu: «Amechoka.» Hapana. Mbwa anapumua mbio mbio ili mate yake yakauke, na kwa kukauka yanaondoa joto. Kuku naye anafungua mudomo na kutanua mabawa. Joto la mujusi linafuata lile la mahali alipo, ndiyo maana asubuhi unamwona ukutani akiota jua. Lakini mutu, mbwa na kuku, joto lao linapaswa kukaa karibu pale pale: kwa mutu digri 37, kwa kuku 41 hivi, hata katika baridi ya mwezi wa sita hapa Katanga.

Chakula ndicho kuni za moto huo. Mutu akikaa kimya, mwili wake unatoa joto sawa balbu ya wati 100. Akipiga sururu, linaongezeka mara ine ao tano. Litaenda wapi? Damu inalipeleka kwenye ngozi, na jasho linatoka. Sasa wasomaji, angalieni vizuri: si kutoka kwa jasho kunakopoza mwili, ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikikauka yote inaondoa joto ambalo lingepandisha mwili wa kilo 70 kwa digri karibu 10! Lile linalotona chini ni maji ya bure.

Hapo ndipo iko hatari ya ndugu zetu wachimbaji. Ndani ya shimo hewa haitembei, inajaa unyevu, na jasho halikauke. Kule Afrika ya Kusini, katika mgodi wa Mponeng unaopita kilometa 3 chini, mawe yana joto la digri kama 60. Wanateremsha barafu ili watu waweze kufanya kazi. Shimo fupi la Kolwezi halina mawe ya moto vile, lakini mara nyingi halina hata mashine ya kupuliza hewa.

Mwenzako akianza kuyumba na kusema ovyo, musiseme mbio «ni pombe» ao «ni malaria tu». Mwili ukipita digri 40, ubongo unaweza kuharibika, na mutu kufa siku ile ile. Mumutoshe inje, kivulini, mumuvue shimizi, mumumwangie maji mwili mzima na kumupepea kwa nguvu na karton, wakati mmoja wenu anakimbia kutafuta gari. Kapita akisema mungojee kwanza, musingojee. Dawa ya homa haisaidie hapa, kwa sababu si ugonjwa uliopandisha joto. Na kama hajitambue, musimunyweshe maji: yataingia mapafuni.